Makufuli ya Bomani na ya Malampaka: Tarehe Iliyogongwa Kwenye Shaba

Mkoa wa Simiyu bado mchanga. Ulizaliwa rasmi Machi 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga na Busega ikitoka Mwanza, na Bariadi ikawa makao makuu. Lakini tawala zilizopita juu ya ardhi hii ni za zamani, na kila utawala ulikuwa na silaha, stoo na mabehewa ya kufunga. Majengo hupakwa rangi upya, mabango hung'olewa, mafaili huliwa na mchwa. Herufi zilizogongwa kwenye shaba hazifutiki kirahisi hivyo, na ndiyo maana nayatetea makufuli makuukuu kwa moyo wote.

Tuanze na mshale. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani, na Usukuma ukaangukia mikononi mwao. Mali ya jeshi hilo ilitiwa alama ya mistari mitatu inayokutana nchani, mithili ya wayo wa kuku. Ukiukuta mshale huo kati ya W na D, kufuli ni la Idara ya Vita ya London, na mara nyingi mwaka wa kutengenezwa umegongwa pembeni. Mshale wenye I ni wa India. Uliomo ndani ya U ni wa Muungano wa Afrika Kusini. Askari wa nchi zote mbili walipigana katika ardhi yetu, kwa hiyo msomaji asikimbilie kusema kila mshale ni wa Mwingereza. Kule Uingereza kwenyewe, sheria ya 1875 ilimhesabu kuwa mhalifu yeyote aliyeufuta mshale huo ili kuficha kwamba mali ni ya serikali.

Bomani zilikuja herufi za wafalme. GR ni Mfalme George, ila yupi? Wa Tano alitawala 1910 hadi 1936, wa Sita 1936 hadi 1952, na bila namba ya Kirumi katikati huwezi kuamua. EIIR haina utata: ni ya Malkia Elizabeth wa Pili, kuanzia 1952. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, nayo iliendelea kumtambua kuwa mkuu wa nchi hadi ilipokuwa jamhuri Desemba 1962.

Utajiri wenyewe uko relini. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikapita Malampaka, wilayani Maswa, wilaya mama iliyozaa Bariadi na Meatu. Wakati huo mwenye mali alikuwa Reli ya Tanganyika, TR. Tarehe 1 Mei 1948 iliunganishwa na reli ya Kenya na Uganda, ikaja EAR&H, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, makao yake Nairobi. Mwaka 1969 bandari zilipewa shirika lao, alama ya H ikaondoka, ikabaki EAR. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 likaundwa TRC. Mwaka 2007 ikaja TRL, ubia wa Serikali na kampuni ya RITES ya India, kisha sheria ya 2017 ikarudisha herufi zilezile za TRC. Stesheni moja, mistari ileile ya chuma, majina matano ndani ya miaka tisini.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Kufuli la EAR&H halikutiwa alama kabla ya 1948, hilo ni hakika. Lakini hakuna stesheni masta anayetupa kufuli zima kwa sababu shirika limebadili jina. Kwa hiyo herufi hutupa mwaka wa kuanzia, hazitupi mwaka wa kukoma. Na kufuli la TRC laweza kuwa la 1977 au la juzi. Hapo itabidi utazame shaba yenyewe.

Tulitazame kwa karibu. Herufi zilizogongwa kwa nyundo huzama kwa kina tofauti: E imeingia sana, R inayofuata imeinama kidogo, na kando ya kila mstari kuna kijituta unachokihisi kwa ukucha. Herufi za kusubu huinuka juu, kwa kuwa zilizaliwa pamoja na mwili wa kufuli. Geuza upande wa pili utafute mtengenezaji. Mengi ya Kiingereza yalitoka Willenhall, mji wa mafundi makufuli ambako Squire walianza kazi 1780. Kisha kagua mikwaruzo. Ikiwa herufi imepita juu ya mikwaruzo mikuukuu, imegongwa baadaye, pengine na mfanyabiashara anayetafuta bei.

Maghala ya pamba hayatusaidii sana. Tangu Victoria Federation ya 1955, shirikisho la vyama vya ushirika lililoongozwa na Paul Bomani, hadi SHIRECU ya 1984, chama cha ushirika cha Shinyanga, herufi za ushirika zilipakwa kwa rangi mlangoni, na kufuli likanunuliwa dukani.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huanza na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, ikaongeza vile vya utamaduni na milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Kufuli la EAR&H halimo. Nairobi walifungua makumbusho ya reli tangu 1971; kwetu, mnunuzi wa skrepa hupima shaba kwa kilo. Sasa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, inajengwa kupitia Malampaka, na stoo za zamani zitasafishwa. Naomba TRC na maofisa utamaduni wa Maswa na Bariadi watangulie: kila kufuli lipigwe picha pande zote mbili, liandikiwe namba, na mlango lilikotolewa uandikwe papo hapo, kabla halijaingia kwenye gunia.