Endometriosisi katika Kibera na Kawangware

Endometriosisi ni ugonjwa wa kudumu ambamo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo: juu ya ovari, kwenye mirija ya uzazi, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo na kibofu, na mara chache hata kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190 duniani. Makala hii inaueleza jinsi unavyojitokeza katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, ambako wengi huishi nao miaka mingi bila kuambiwa jina lake.

Tishu hizo hutii homoni zilezile zinazoutawala mfuko wa uzazi. Estrojeni ikipanda, hukua. Hedhi ikifika, huvimba na kuvuja damu. Damu ya kawaida ya mwezi ina njia ya kutokea, hii haina. Hubaki ndani ya nyonga, ikachokoza viungo vya jirani na kuacha makovu, na makovu hayo yanaweza kuugandisha utumbo na kizazi, au ovari na ukuta wa tumbo. Ndani ya ovari hukusanyika ikawa uvimbe uliojaa damu nzito, nyeusi kama chokoleti. Chanzo hakijathibitishwa. Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kuotesha ugonjwa tumboni. Nadharia hiyo bado ina nguvu, ila haitoshi, kwa kuwa wanawake wengi mno hurudisha damu hivyo na wachache tu huugua. Urithi umo: msichana ambaye mama au dada yake anao yuko katika hatari kubwa zaidi. Hauambukizwi. Hauletwi na uchafu, wala na ngono, wala na mimba iliyotolewa, ingawa yote hayo husemwa mtaani na kumwumiza mgonjwa kuliko tumbo lenyewe.

Dalili kuu ni maumivu ya hedhi yanayomwangusha mtu, ambayo dawa za kawaida haziyatulizi. Kuna pia maumivu ya mgongo na nyonga hata nje ya siku, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu ya kwenda haja hasa siku za hedhi, damu nyingi, tumbo kujaa, uchovu usioisha na ugumu wa kushika mimba. Ukubwa wa ugonjwa haulingani na ukubwa wa maumivu. Mwanamke mwenye madoa machache anaweza kugaragara sakafuni, na mwenye makovu mengi asijue kitu hadi atakapotafuta mtoto.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba viliudhania kuwa ugonjwa wa wanawake weupe wenye mali, waliosoma na kuchelewa kuzaa. Dhana hiyo ilitokana na nani aliyeweza kumlipa daktari wa upasuaji. Mwaka 1976 Dakta Donald Chatman wa Chicago alichapisha matokeo ya wanawake weusi aliowachunguza kwa kamera tumboni: takriban mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi, na wengi wao walikuwa wameambiwa kwamba wana maambukizi ya nyonga. Karibu nusu karne baadaye, anayefika zahanati ndogo ya mtaani akilalamikia maumivu ya chini ya kitovu bado huweza kuondoka na antibiotiki za maambukizi hayohayo, au za mkojo, mara ya kwanza, ya pili na ya tano. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 185,000 katika kaunti ndogo ya Kibra, ambamo Kibera imo, na zaidi ya 430,000 katika Dagoretti, ambamo Kawangware imo. Kwa kiwango cha mmoja kati ya kila wanawake kumi wa umri wa kuzaa, wenye ugonjwa huu katika maeneo hayo ni maelfu kwa maelfu.

Maisha ya mitaa hii huupa ugonjwa sura yake. Wanawake wengi wa Kawangware hutembea asubuhi kwenda Lavington na Kileleshwa kufua, kupiga deki na kulea watoto wa wengine. Wa Kibera huelekea Kilimani, Lang'ata na kwingineko. Mama fua hulipwa kwa siku aliyofua. Kuinama juu ya beseni, kukamua blanketi na kubeba maji ngazini ni kazi inayoikaza nyonga ileile inayowaka, na akikosa siku mbili kila mwezi, mwenye nyumba humtafuta mwingine bila kumwuliza. Muuza mboga au mandazi naye hana wa kumshikia meza. Ndiyo maana wengi humeza dawa mbili mbili na kwenda kazini, na aliyewaona wakifanya kazi hatadhani wanaumwa. Hapa ndipo ugonjwa huu unapopuuzwa zaidi: ustahimilivu wa mwanamke maskini huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba haumwi sana.

Nyumbani pia hakuna pa kujificha. Chumba ni kimoja, mabati au udongo, watoto upande huu wa pazia na wazazi upande ule. Choo mara nyingi ni cha kulipia au cha kushirikiana na ploti nzima, na hufungwa usiku au huwa hatari kukiendea gizani. Kwa mgonjwa ambaye utumbo wake umeshikwa, anayehitaji kwenda haja mara nne usiku mmoja wa hedhi, jambo hilo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Maji ya kuoga hununuliwa kwa mtungi, na pedi zina bei yake. Sheria ya Kenya ya 2017 iliahidi pedi za bure kwa wasichana walio shuleni. Anayevuja damu nyingi huzimaliza mapema, na aliyetoka shuleni hamo katika ahadi hiyo.

Safari ya matibabu kwa kawaida huanzia kwa kemisti. Huko hununuliwa Panadol, Brufen au Buscopan, vidonge vichache kwa wakati. Dawa za jamii ya ibuprofeni husaidia kweli, hasa zikianzwa dalili inapoonekana tu kabla maumivu hayajapanda, na zikimezwa baada ya chakula. Huliumiza tumbo tupu. Hatua ya pili ni kituo cha afya cha umma, kama kile cha Riruta kwa watu wa Kawangware au vilivyomo ndani ya Kibera. Kutoka hapo rufaa huenda Hospitali ya Mbagathi, ya Mutuini, au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Picha ya altrasaundi huonyesha uvimbe wa ovari, lakini mara nyingi haioni madoa madogo, hivyo jibu la kwamba picha ni safi halimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Zamani madaktari walisisitiza kuuona kwa kamera kabla ya kuutaja. Mwongozo wa Ulaya wa 2022 umelegeza sharti hilo, na sasa mhudumu anaweza kuanza matibabu kwa kusikiliza dalili na kuchunguza mwili. Mabadiliko hayo yana uzito zaidi kuliko mashine yoyote kwa mtu wa Gatwekera huko Kibera au Gatina huko Kawangware, kwa kuwa kusikiliza hakuhitaji Mbagathi.

Tena dawa yenyewe iko karibu. Homoni zinazotuliza endometriosisi ni zilezile zinazotumika kupanga uzazi: vidonge, sindano ya miezi mitatu, kipandikizi cha mkononi, na koili yenye homoni. Nyingi kati ya hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, ingawa bohari huishiwa. Haziponyi, hupunguza hedhi au kuizuia, na maumivu hupungua pamoja nayo. Kizuizi kikubwa kimo vichwani. Msichana wa miaka kumi na sita akionekana kwenye foleni ya uzazi wa mpango, habari hufika nyumbani kabla yake, na mama yake huogopa kwamba sindano itamfunga kizazi. Hofu hiyo inastahili jibu la heshima. Mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya sindano ya mwisho, kisha uwezo hurejea. Kutokwa na damu bila mpangilio mwanzoni ni kawaida. Muuguzi akieleza hayo mbele ya mama, dawa hutumika. Akinyamaza, hutupwa.

Upasuaji wa kamera wa kuondoa madoa na makovu hufanyika Nairobi, na ukifanywa na mwenye ujuzi humpa mtu nafuu kubwa, ila ugonjwa huweza kurudi. Gharama yake ndiyo ukuta. Tangu Oktoba 2024 mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF. Mfumo huo ulipoanza, asiye na ajira rasmi alitakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, jambo gumu kwa anayehesabu pesa kwa siku. Kuondoa kizazi hakuhakikishi kupona, kwa sababu ugonjwa uko nje yake. Ushauri wa "zaa tu, utapona" ni wa kukataliwa: mimba hutuliza dalili kwa muda tu, na hakuna mtoto anayepaswa kuzaliwa kama dawa.

Katika ndoa ugonjwa huu huleta tuhuma. Mke anayekwepa tendo kwa maumivu hudhaniwa ana mwingine, na asiyeshika mimba huitwa majina. Wengi wenye endometriosisi hupata watoto, na mume akiingia naye kwa daktari maneno hupungua. Kwa wanawake Waislamu wa Makina, Kibera, damu inayotoka nje ya siku huzua pia swali la swala na saumu. Fikihi huitenga damu hiyo na hedhi, nayo haimzuii mtu kuswali akishatawadha kwa kila swala.

Aliyeufanya ugonjwa huu utajwe hadharani Kenya ni mtangazaji wa rege Njambi Koikai. Wake ulifika kifuani, mapafu yakaanguka mara nyingi, na mwaka 2018 Wakenya walimchangia akatibiwe Atlanta, Marekani. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38. Kundi la Endometriosis Foundation of Kenya huwakutanisha wagonjwa na kufundisha, hasa Machi, mwezi wa uhamasishaji kuhusu ugonjwa huu, ambao rangi yake ni njano. Kazi hiyo ingefika mbali zaidi kupitia wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023 na ambao huingia nyumba kwa nyumba. Swali moja kwa kila binti, kama hedhi yake humkosesha shule au kazi, lingewafichua wengi.

Kwa matumizi ya kila siku, chupa ya maji ya moto iliyofungwa leso na kuwekwa tumboni hutuliza. Damu nyingi huleta upungufu wa damu, hivyo omena, ndengu, terere na managu vina kazi, na chai inywewe mbali na chakula kwa kuwa huzuia madini ya chuma. Kuandika tarehe kwenye simu au kalenda ya ukutani, maumivu yalianza lini, yalikuwa wapi, dawa gani ilimezwa na siku ngapi zilipotea, humpa daktari ushahidi usiopuuzwa. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, kuzirai, homa, pedi kuloa kila saa, au kifua kubana na pumzi kukatika siku za hedhi, hayangojei asubuhi: ni ya kupelekwa hospitali usiku uleule, na anayempeleka amwambie daktari kwanza kwamba mgonjwa yuko katika siku zake.