Siasa za Msumbiji Zilizopikwa Kaskazini ya Ruvuma

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kwamba mto Ruvuma uwe mpaka wa himaya zao, wala hawakuwauliza Wamakonde wa ng'ambo hizi mbili. Mpaka wenyewe haukutulia: Kionga, kusini ya mlango wa mto, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, kisha Wareno wakaichukua mwaka 1916. Watu waliendelea kuvuka kwa mitumbwi. Tangu mwaka 1938, Wareno walipozidi kuwalazimisha wakulima wa kaskazini ya Msumbiji kulima pamba kwa bei waliyoipanga wao, waliokimbilia mashamba ya mkonge ya Mikindani na Lindi waliongezeka. Huku Tanganyika waliitwa Wamawia, na chale za usoni ziliwatambulisha kabla hawajafungua kinywa. Hoja yangu ni kwamba chama cha siasa cha Msumbiji kilianza kwenye safari hizi za kutafuta kibarua, kabla hakijawa na ofisi wala katiba.

Ng'ambo ya kusini, Mwafrika hakuruhusiwa kuunda chama cha siasa. Kaskazini, wahamiaji waliunda vyama vya kusaidiana, na tangu mwaka 1954 waliona chama cha TANU kikiuza kadi na kufanya mikutano ya hadhara ya kudai uhuru. Atakayesema huo ulikuwa ukarimu wa Mwingereza, aliyetawala Tanganyika wakati huo, akumbuke kwamba mwaka huohuo serikali ilivitaka vyama viandikishwe, na baadhi ya matawi ya TANU yakanyimwa idhini. Kilichosaidia ni tofauti kati ya wakoloni wawili: lililokuwa jinai kusini lilikuwa usumbufu tu kaskazini. Tarehe 16 Juni 1960 Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotoka Tanganyika, walikuwa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, kumdai mtawala Mreno haki za watu wao. Walikamatwa mbele ya umati, na umati ulipojaribu kuwazuia askari wasiwachukue, risasi zikapigwa. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa baadaye, imesimulia vifo zaidi ya 500. Watafiti wengine wametaja idadi ndogo sana. Hata idadi ikibishaniwa, habari zilivuka mto, na mwaka 1961 vyama vidogo vya Wamakonde wa Tanganyika, Kenya na Zanzibar vilikwisha kuungana kuwa MANU.

Kuna pingamizi nzito zaidi: MANU ilikuwa chama cha kabila, na umoja wa kitaifa ulipatikana Dar es Salaam mnamo Juni 1962, ilipoingia FRELIMO pamoja na vyama vingine viwili. Ni kweli, ila umoja uliofikiwa mezani ulihitaji watu wa kuubeba, na vita vya ukombozi vilipoanza Septemba 1964 vilianzia jimbo la Cabo Delgado, kwa haohao waliozoea kuvuka. Kaskazini ya mto, Mtwara ikapata hospitali ya FRELIMO, na Nachingwea, iliyoachiwa mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza, ikawa kambi ya mafunzo. Lakini mizizi hii ya Kimakonde ilikuwa na uchungu wake. Lazaro Nkavandame, mwanzilishi wa ushirika wa pamba wa Mueda, alipewa uongozi wa Cabo Delgado pamoja na biashara ya maeneo yaliyokombolewa. Akashutumiwa kwamba maduka yale yanamnenepesha yeye na wenzake. Naye akahoji kwa nini Wamakonde wafe kwa ajili ya viongozi wa kusini. Mwaka 1969 alivuka mto akajisalimisha kwa Wareno.