Nani Aliwapikia Wamisionari wa Taita?

Historia ya wamisionari wa Taita tulifundishwa kwa tarehe. 1848, Johannes Rebmann anapita Bura akielekea Uchagani. 1883, Alfred Wray anafungua misheni Sagalla. 1892, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wanafika Bura. Tarehe ni sawa, lakini hakuna binadamu aliyeishi kwa tarehe. Hawa watu waliamka asubuhi wakiwa na njaa kama mimi na wewe. Walikula nini? Nani alichota maji, nani aliwasha moto, nani alijua chumvi imezidi?

Swali hili lilinianza Kishushe. Kama hujawahi kufika, toka Voi, pita Mwatate, panda hadi Wundanyi, kisha teremka tena upande wa pili wa milima mpaka uingie kwenye joto na vumbi, karibu na mbuga ya Tsavo Magharibi. Wengi wanaisikia Kishushe kwa sababu ya madini ya chuma na ndovu wanaovamia mashamba. Mimi naijua kwa sababu nyanya yangu anaishi huko. Siku moja aliniambia babake alikuwa mpishi wa familia moja ya wamisionari kule milimani. “Alioka mikate, mjukuu wangu,” akasema, “lakini nyumbani hakugusa sufuria hata siku moja.” Chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hivyo siku hizi sina mhadhiri wa kunituma maktaba. Sentensi hiyo ya nyanya ndiyo iliyonituma.

Tuanze na njia. Kabla ya reli, kutoka pwani hadi Taita ulikuwa unavuka nyika ya Taru kwa miguu, siku baada ya siku, na maji ni ya kubahatisha. Huwezi kubeba chakula cha safari nzima. Misafara ya Waswahili ilijua hilo kabla ya mzungu yeyote: Taita ndipo mahali pa kununua chakula, kwa merikani, shanga na waya wa shaba. Milimani kulikuwa na mifereji ya kumwagilia mashamba, ndizi, miwa, maharagwe, mtama na viazi vitamu. Rebmann alipopita mwaka 1848, akiwa na mwavuli wake na akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyeifahamu njia hiyo, alipita kwenye njia ambayo tayari ilikuwa na wauzaji na bei zake. Vitabu vinamwita mgunduzi. Kwa mama wa Kitaita aliyekuwa na ndizi za kuuza, alikuwa mteja.

Sasa twende Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako familia hizi zilijaribu kuweka nyumba. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Julai mwaka huohuo Rosine alikufa kwa homa, muda mfupi baada ya kujifungua, na mtoto akamfuata. Hata nyumba yao wenyewe hawakuwa wameijenga bado. Mwaka 1846 Krapf na Rebmann walihamia Rabai, kwa idhini ya wazee wa huko. Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma, akaja naye Rabai, na mwanamke huyo aliishi huko hadi alipofariki mwaka 1866. Hiyo ni miaka mingi ya kuamka, kupika, kufua na kuugua katika nchi ya minazi, meli za Ulaya zikiwa za msimu na mbali. Hakuna nyumba inayoishi miaka mingi hivyo kwa chakula cha makopo. Waliishi kwa mashamba ya Warabai na soko la Mombasa.

Rebmann mwenyewe alibaki hadi 1875, na alipoondoka alikuwa kipofu. Hebu fikiria maana yake. Mtu asiyeona anahitaji mtu wa kumshika mkono, kumwekea sahani mbele, kumwambia chai ni ya moto. Aliyesafiri naye kurudi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Jina lake limebaki kwa sababu alipanda meli. Waliobaki jikoni hawakupanda meli, na majina yao hayakupanda kitabuni.

Kisha inakuja Sagalla, kile kilima unachokiona ukiwa stendi ya Voi. Wray alifungua misheni hapo mwaka 1883. Mwaka uliofuata njaa kali ilipiga Taita, na Wray akashuka na kundi la Wasagalla hadi Rabai. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mpaka wakati huo mmisionari alikuwa mgeni anayelishwa na nchi. Sasa nchi haikuwa na cha kumlisha, na yeye ndiye aliyekuwa na njia ya kufika kwenye ghala la pwani. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupewa jembe, alishika upawa.

Sisemi ilikuwa vibaya. Watu walipona, na wengi wetu tuko hapa kwa sababu mtu fulani alipona. Lakini anayeshika upawa ndiye anayeamua nani anakula kwanza na nani anakaa wapi. Uhusiano wa aina hiyo hauishi mvua inaponyesha. Ukiniuliza kwa nini dini mpya ilishika mizizi, sitaanza na mahubiri peke yake. Nitaanza na njaa.

Wray alirudi Sagalla baadaye, akaishi na watu, na mwaka 1894 kitabu chake cha sarufi ya Kitaita kikachapishwa London. Watu husifu kazi ile, na ni haki yake. Lakini lugha haifundishwi na miti. Mgeni anaanza kwa kuomba: maji, moto, chumvi. Mtu anamsahihisha, anacheka kidogo, anamrudishia neno tena. Kabla ya kuwa mwandishi wa sarufi, Wray alikuwa mwanafunzi wa watu waliokuwa karibu naye kila siku. Jalada lina jina moja tu.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Voi, na sahani ikabadilika. Unga wa ngano, sukari, majani ya chai na maziwa ya mkebe havikuhitaji tena kichwa cha mpagazi kuvuka Taru. Misheni ziliongezeka milimani, na bustani zake nazo. Wapenzi wa kahawa wa Nairobi, sikieni hili: mapadre wa Bura ndio wanaotajwa kupanda kahawa ya kwanza nchini, mwaka 1893. Ile kikombe unayopigia picha kabla ya kunywa ina ukoo Taita.

Huko bara, familia ya kina Leakey ilifika Kabete, na mwaka 1903 mtoto wao Louis akazaliwa kwenye misheni hapo. Alikua akiongea Kikuyu kama watoto wenzake. Historia inamkumbuka kwa mafuvu ya binadamu wa kale. Lakini mtoto hajifunzi lugha kutoka kwa mafuvu. Anajifunza kwa yaya, kwa watoto wa jirani, na kwa mtu anayekoroga uji.

Hapa narudi kwa ile sentensi ya nyanya. Taita ya zamani jikoni ni pa mwanamke. Lakini kwenye nyumba za wazungu Kenya nzima, mpishi alikuwa mwanamume, na hata akiwa na mvi aliitwa boi. Kwa hivyo kulikuwa na kizazi cha wanaume walioishi na mikono miwili: mchana mkono unaokanda unga, jioni mkono unaongoja kuwekewa kimanga na mke. Babake nyanya alijua kupalia makaa juu na chini ya sufuria mpaka mkate upande kama wa tanuri. Ujuzi huo aliuacha mlangoni kwa mwajiri kila jioni, pamoja na aproni.

Mwaka 1928, akina mama wa kanisa la St. Andrew's Nairobi walitoa kitabu cha mapishi kwa masetla, chenye Kiswahili cha kumwelekeza mpishi. Kiswahili hicho tunakijua, kina jina lake: Kisetla. Ni lugha ya amri. Leta. Kata. Osha. Ngoja. Ukikiweka kitabu hicho karibu na kile cha Wray, unaona umbali tuliotembea kwa miaka thelathini na nne. Kile cha kwanza kilimfundisha mzungu kuongea na watu wa Taita kwa lugha yao. Hiki cha pili kilimfundisha kumtuma mtu jikoni. Mezani huenda chakula kilikuwa kilekile, lakini sentensi zilikuwa zimebadilika.

Kitu kimoja tu babake nyanya alikileta nyumbani: jamu ya mapera. Yeye mwenyewe hakuipika, maana mwanamume hakai mafigani. Alikaa nje kwenye kigoda, akamwelekeza binti yake kupitia mlangoni. Chemsha. Ponda. Chuja. Weka sukari. Koroga, usiache.

Nyanya bado anaipika mapera yakiiva. Anaongea Kidawida siku nzima, na kuku, na mbuzi, na Mungu. Lakini akimfundisha mjukuu jamu hiyo, anabadilisha lugha bila kujua. Anaanza kutoa amri za Kiswahili, moja moja, fupi fupi, kama alivyozipokea babake kutoka kwa mwanamke mmoja wa mbali aliyetamani ladha ya kwao.