Kutoka Dakika hadi Mgonjwa: Wauguzi wa Mitaa nchini Uholanzi na Uundaji Upya wa Kazi Yao

Mwaka 2001, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walichapisha makala kuhusu namna mfanyakazi anavyoiunda upya kazi yake mwenyewe. Walibainisha njia tatu: kubadili majukumu, kubadili mahusiano na kubadili namna ya kuitazama kazi. Miongoni mwa mifano yao ni wafanya usafi wa hospitali nchini Marekani, ambao baadhi yao walijiona kuwa washiriki katika kuwaponya wagonjwa. Insha hii inahoji iwapo nadharia hiyo, iliyomlenga mtu mmoja mmoja, inatosha kueleza historia ya uuguzi wa majumbani nchini Uholanzi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, muuguzi wa mtaa nchini humo alihudumu chini ya vyama vya msalaba, akiwafahamu wakazi na familia zao. Miungano ya mashirika iliyoshika kasi katika miaka ya 1990 ilivuruga utaratibu huo. Huduma iligawanywa kuwa bidhaa zenye bei na dakika zake: kumwogesha mgonjwa, kumchoma sindano na kumfunga kidonda vikawa vipande vilivyoweza kufanywa na watu tofauti. Muuguzi alibaki na saa ya kuhesabu, lakini akapoteza mamlaka ya kuamua.

Mwaka 2006, Jos de Blok, aliyekuwa muuguzi, alianzisha shirika la Buurtzorg, jina linalomaanisha huduma ya ujirani. Kazi ilianza kwa kikundi kidogo cha wauguzi. Kila kikundi, kisichozidi watu 12, kilijipangia zamu, kiliajiri wenzake na kuwahudumia wagonjwa wa eneo lake bila meneja. Katika muda wa takriban miaka 10, shirika lilifikia wafanyakazi wapatao 10,000, huku ofisi kuu ikiwa na watu 50 hivi. Mara kadhaa lilitajwa kuwa mwajiri bora nchini.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, njia zote tatu zinaonekana hapa, lakini zilitekelezwa na kikundi, tena kwa kuacha muundo wa zamani badala ya kuuzunguka kimyakimya. Pili, uhuru huo una gharama: ratiba, migogoro ya wenzao na hesabu za saa, ambavyo awali vilikuwa juu ya meneja, sasa viko mabegani mwa wauguzi wenyewe.

Kwa hiyo, ustawi wa mhudumu wa afya hauwezi kuelezwa kwa moyo wa kujituma pekee. Palipo na ratiba ya dakika isiyogusika, kumhimiza muuguzi aiunde upya kazi yake ni kumtwika lawama ya mfumo asioumiliki. Mfano wa Uholanzi unadokeza kwamba mamlaka ya kuamua hutangulia, na ari hufuata.