Nguo za rangi moja na mapambo ya Ujiji

Nguo za rangi moja na mapambo ya Ujiji ni namna ya uvaaji iliyoenea katika karne ya 19 mjini Ujiji na kwenye pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika Mkoa wa Kigoma wa leo nchini Tanzania. Mtu alijifunga nguo isiyo na nakshi, nyeupe, ya buluu iliyokoza, nyekundu au ya kahawia, kisha akavaa juu yake shanga, vikuku vya waya wa shaba au pambo la jino la kiboko. Vitu hivyohivyo vilikuwa pia fedha. Kwa sababu hiyo mavazi ya Ujiji yanajadiliwa zaidi katika vitabu vya historia ya biashara kuliko katika vile vya sanaa.

Nguo

Kabla ya vitambaa vya pamba kuwa vingi, wakazi wa asili wa Ujiji, yaani Wajiji ambao ni sehemu ya Waha, walivaa ngozi za wanyama na nguo ya gome la mti iitwayo mbugu. Gome lilibanduliwa, likaloweshwa na kupondwa kwa nyundo za mti hadi likawa laini. Rangi yake ni ya kahawia. Kipande kimoja kilitosha: kilipitishwa begani na kufungwa kwa fundo.

Pamba ilikuja kwa misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Nguo iliyobebwa zaidi ilikuwa merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa. Jina lake linatokana na Marekani, kwa kuwa kilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Biashara hiyo ilikua baada ya Marekani na Sultani Said bin Sultan kutia saini mkataba mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861-1865) viliipunguza sana, na baadaye viwanda vya Bombay vikatoa vitambaa vya namna hiyo, ila jina la merikani halikubadilika.

Ya pili ilikuwa kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya nili hadi ikakaribia kuwa nyeusi, iliyotoka Uhindi. Ya tatu ilikuwa bendera, kitambaa chekundu. Vitambaa vya mistari na mataraza, kama vile debwani, sahari na barsati, navyo vilifika Ujiji, lakini bei yake ilikuwa juu na mara nyingi vilitolewa kwa watawala kama hongo ya kupita katika nchi zao. Mtu wa kawaida alivaa shuka ya rangi moja. Shuka mbili zilifanya doti moja, na kwa vipimo hivyo nguo ilihesabiwa sokoni.

Shuka ya merikani ya Ujiji haikutofautiana na ile ya Bagamoyo, Ugogo au Unyanyembe. Kitambaa kilikuwa kilekile njia nzima. Kilichobadilika kutoka nchi moja hadi nyingine ni kilichovaliwa juu yake.

Mapambo

Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwezi Februari 1874, alieleza pambo ambalo aliliona kuwa la watu wa huko hasa: kipande cha jino la kiboko kilichochongwa kwa umbo la mundu au nusu duara, kikasuguliwa mpaka kikawa cheupe na cha kung'aa, kikavaliwa shingoni. Inafaa kufikiria jinsi kilivyoonekana juu ya mbugu ya kahawia. Nguo yenyewe haikuwa na kitu cha kuvuta macho, hivyo jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye ule weupe. Pamoja nacho watu walivaa sambo, yaani pete za waya mwembamba zilizozungushwa kwenye viungo, na njuga ndogo.

Waya mnene wa shaba ulioitwa masango ulitengenezwa kuwa vitindi, vikuku vilivyozungushwa kama koili kwenye mkono. Vilikuwa vizito, na uzito huo ulikuwa sehemu ya maana yake, kwani aliyevivaa alibeba mali yake mwilini.

Shanga zilikuwa za aina nyingi kuliko vyote. Nyingi zilitengenezwa Venice, Italia, lakini majina yake yalitolewa huku. Samesame ilikuwa ndogo, nyekundu kama marijani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika ziwani pamoja na John Hanning Speke mwezi Februari 1858, aliandika kwamba samesame ilikuwa na majina ya utani. Moja ni kimarapamba, kwa maana ya kinachomaliza pamba, yaani chakula cha safari, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa posho yake ili aipate. Jingine lilikuwa na maana ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoitamani. (Majina hayo yana dalili ya kutungwa na wanaume waliolipa gharama.) Sungomaji zilikuwa shanga kubwa kama yai la njiwa, nyeupe au za buluu. Sofi zilikuwa ndefu kama vipande vya shina la kiko lililovunjika.

Uchaguzi wa rangi

Mfanyabiashara aliyefunga mizigo Zanzibar alihitaji kujua ni rangi gani inapendwa wapi, kwa kuwa shanga isiyotakiwa haikununua hata unga. Henry Morton Stanley alipojiandaa kwa safari ya mwaka 1871 alitumia muda mwingi kujifunza jambo hilo, akanunua aina 11 za shanga, jumla ya magunia 22. Aliandika kuwa shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo lakini zikakataliwa kwingine, na kwamba zile za umbo la yai zilithaminiwa Ujiji na Uguha, ng'ambo ya ziwa, huku nchi nyingine zikizikataa. Alilinganisha pia bidhaa hizo na sarafu: shanga ni kama shaba, nguo ni kama fedha, na waya ni kama dhahabu katika nchi zilizo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Waandishi wengi wa Ulaya wa wakati huo walizitaja shanga kama vitu vya kuchezea vya bei ndogo. Maelezo yao wenyewe hayakubaliani na dharau hiyo. Wanunuzi wa Ujiji walijua walichokitaka, na chaguo lao liliamua ni nini kitakachobebwa mgongoni na wapagazi kwa muda wa miezi kadhaa.

Pambo kama fedha

Katika soko la Ujiji sofi zilifanya kazi ya sarafu. Cameron alieleza kwamba soko lilipoanza, watu wenye mifuko iliyojaa sofi walizitoa kwa wanunuzi kwa kubadilishana na bidhaa nyingine. Soko lilipofungwa walizinunua tena kutoka kwa wauzaji, wakipata faida mara mbili. Shanga ziliuzwa pia kwa nyuzi: uzi mmoja uliitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Kwa fedha hizo watu walinunua samaki, mawese, chumvi ya Uvinza, nafaka na mbuzi. Pembe za ndovu na watumwa waliuzwa pia Ujiji, na nguo na shanga hizohizo zilihusika katika biashara hiyo.

Mfano unaojulikana zaidi wa hatari ya kukosa vitu hivi ni David Livingstone. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871 kutoka Manyema, akiwa mgonjwa, alikuta mtu aliyekabidhiwa mali zake ameshaziuza ili kununua pembe. Kati ya yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga hakuachiwa chochote. Alibaki na akiba ndogo tu aliyokuwa ameiweka mapema, na alijiona karibu kuwa ombaomba mpaka Stanley alipofika siku chache baadaye.

Hadhi na uungwana

Rangi ya nguo ilisema jambo kuhusu aliyeivaa. Katika utamaduni wa pwani, kanzu nyeupe ilikuwa vazi la muungwana, na Waarabu na Waswahili waliokaa Ujiji waliivaa pamoja na kilemba, na wenye uwezo waliongeza jambia la fedha kiunoni. Kaniki upande wa pwani ilihusishwa na watumwa na maskini. Watu waliofika Ujiji kutoka Manyema, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu au kufuata misafara, walijifunza alama hizo haraka. Baadhi yao walivaa nguo nyeupe na kujiita waungwana, na kwao kubadili nguo kulikuwa dai la kuwa mtu huru. Zanzibar, baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na kuvaa kanga zenye rangi na nakshi.

Mabadiliko

Utawala wa Kijerumani ulileta rupia, na mwaka 1904 heller, sarafu ndogo za mia kwa rupia moja. Hatua kwa hatua shanga zikabaki kuwa pambo tu. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na biashara ikahama kutoka Ujiji kwenda bandari hiyo mpya iliyo kilomita chache kaskazini. Kanga na kitenge, ambazo nakshi yake ndiyo pambo lenyewe, zilichukua nafasi ya shuka tupu.

Kaniki haikutoweka. Inauzwa bado katika masoko ya Tanzania na hutumiwa na waganga wa jadi pamoja na nguo nyeupe na nyekundu. Buibui jeusi lenye mtandio wa rangi kali na bangili linaonekana kila siku katika mitaa ya Ujiji, ingawa asili yake ni tofauti. Shanga nazo huvaliwa shingoni, mkononi na kiunoni.