Injini Inayomisi na Istilahi ya Ukosaji Mwako

Katika gereji za Manyatta mjini Kisumu, kama ilivyo katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, gari ambalo injini yake hurukaruka mapigo husemwa kuwa "inamisi", au "linamisi" kwa msemaji anayechunga ngeli. Kitenzi hicho kimetokana na Kiingereza, ambako hitilafu hiyo huitwa misfire, kikavikwa viambishi na kunyambuliwa kama kitenzi kingine chochote. Kwa mazungumzo ya fundi na mwenye gari kinatosha kabisa, ingawa kijana aliyezoea kukitumia kwa maana ya kumtamani mtu aliye mbali ana haki ya kutabasamu akiambiwa kwamba Datsun ya babu yake inamisi. Kwa maandishi ya ufundi, hata hivyo, inahitajika istilahi inayotaja hasa kilichokosekana, kwa kuwa jina la hitilafu ndilo linaloelekeza mkono wa anayeitafuta.

Injini ya petroli yenye mapigo manne huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli katika kila silinda mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Injini ya silinda nne inayonguruma bila kukanyagwa mafuta, ikiwa na mizunguko 800 kwa dakika, huwaka mara 1,600 katika dakika hiyo, mara 400 kwa kila silinda. Basi silinda moja ikilala kabisa, huacha mapengo sita au saba katika kila sekunde, na hayo ndiyo yanayoleta mtetemo unaosikika kwenye usukani na mlio wa kigugumizi unaotoka nyuma kwenye bomba la moshi.

Neno la Kiingereza, misfire, lilizaliwa katika silaha, likitaja bunduki iliyofyatuliwa isilie. Pwani ya Waswahili iliijua vyema bunduki ya gumegume, iliyowashwa baruti kwa cheche ya jiwe, na gumegume hilo hilo limebaki katika lugha kuwa jina la mtu asiyefaa kitu. Lakini kusema "haikulia" hakuhamishiki kwenye gari, kwa sababu injini inayomisi huendelea kulia, ila hudondosha pigo moja moja.

Msemo wa "kukosa moto" una mvuto wake, na kasoro yake imo katika upana wa neno moto, ambalo kwa fundi ni umeme unaofika kwenye plagi na pia ni kule kuungua kwenyewe; upana huo haumshangazi msemaji wa Dholuo, ambaye kwake mach ni moto na pia ni taa. "Kukosa cheche" ni finyu kupita kiasi: hutaja chanzo kimoja kana kwamba ndicho pekee, na mwenye gari akilisadiki jina hilo hununua plagi nne mpya ilhali ugonjwa ni vali iliyoungua. "Mwako pungufu" ni jambo jingine, lile la moshi mweusi, na "ukosefu wa mwako" hudokeza injini iliyokufa kabisa. "Ukosaji mwako" hufaa zaidi, kwa kuwa umbo la ukosaji hubeba tendo linalojirudia, na mwako, neno ambalo vitabu vya sayansi vimelizoea, hutaja matokeo bila kuhukumu sababu.

Kutohukumu huko ndiko kunakofuata utaratibu mzuri wa uchunguzi, ambao kwanza huuliza ni silinda ipi, ndipo uulize kwa nini. Katika gari la zamani lenye kabureta na distribyuta, swali la kwanza hujibiwa kwa maji: injini huwashwa ikiwa baridi, na baada ya dakika moja hivi matone hudondoshwa juu ya kila tawi la ekzosi. Palipo na mwako tone huruka, huchacharika na kutoweka. Kwenye silinda iliyolala hubaki duara, likateremka polepole kama umande juu ya bati. Uthibitisho hupatikana kwa kuchomoa waya za plagi moja moja, kwa koleo lenye mpini wa mpira, kwani umeme wa koili hupita volti 10,000; mngurumo usiposhuka, silinda hiyo haikuwa ikichangia chochote.

Hapo plagi hufunguliwa na kusomwa. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni ya silinda yenye afya. Iliyolowa petroli mara nyingi huashiria kwamba cheche haikuja. Iliyolowa oili huelekeza kwenye ringi za pistoni au mihuri ya vali. Plagi hiyo ikihamishiwa silinda ya jirani na ugonjwa ukahama nayo, kesi imekwisha. Usipohama, hupimwa waya, kisha mgandamizo, na mgandamizo ukiwa chini humiminwa kijiko cha oili ndani ya silinda: kipimo kikipanda, ringi zimechakaa, kisipopanda, kosa huelekea kuwa la vali au gasketi ya hedi.

Hata "silinda ya kwanza" ni istilahi isiyo salama. Katika Datsun 1200 huhesabiwa kutoka upande wa feni, katika Peugeot 504 kutoka upande wa klachi, kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kutaja namba moja huku wakinyoosha vidole pande mbili.

Kisumu, penye unyevu wa ziwa na mvua za radi, huongeza chanzo ambacho hujificha: maji yaliyotanda kama ukungu ndani ya kifuniko cha distribyuta chenye ufa, ambayo huupotosha umeme asubuhi, na joto la injini likishayakausha mwenye gari huamini kwamba limepona lenyewe. Dawa ya kukifichua ni giza. Boneti ikifunguliwa usiku injini ikiwa inanguruma, umeme unaovuja huonekana ukirukia chuma kwa vimulimuli vya buluu.

Magari yaliyokuja baadaye hujichunguza yenyewe, na kompyuta yake huandika P0303 kwa silinda ya tatu, au P0300 hitilafu isipotulia mahali pamoja. Kompyuta hiyo kwa kawaida haioni cheche wala petroli, bali hupima kule kusita kidogo kwa krenki pigo linapokosekana, kisha humwachia fundi kutafuta kama ni plagi, petroli au vali.