Probiotiki: istilahi, mtindi na mtoto mwenye tiki

Probiotiki ni istilahi inayohitaji kulindwa. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani walikutana Córdoba, Argentina, wakaiwekea mipaka: ni vijiumbe hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya. Viwe hai, viwe vya kutosha, na manufaa yawe yamethibitishwa. Likikosekana sharti moja, jina hilo halistahili.

Waandishi wetu wengi hutumia "bakteria rafiki". Sababu naielewa, maana kwa msomaji wa wilaya za Karagwe au Kyerwa "vimelea" na "vijidudu" ni maneno ya ugonjwa. Lakini urafiki hauna kipimo: haudai bakteria awe hai, wala hauulizi wako wangapi. Kwa hiyo naona neno probiotiki libaki hivyo hivyo, kama tulivyoipokea antibiotiki ingawa tuna kiuavijasumu, na "bakteria rafiki" iwe maelezo ya kumfungulia msomaji njia.

Huku mkoani Kagera jambo hili linagusa chakula cha kila siku. Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, ni nchi ya migomba na ng'ombe wa pembe ndefu. Mtindi umechachuka, rubisi, pombe yetu ya ndizi, nayo imechachuka. Je, ni probiotiki? Kuchachuka peke yake hakutoshi. Mtindi wa nyumbani una bakteria ambao hakuna aliyewatambua wala kuwahesabu. Ni chakula kizuri, mradi maziwa yamechemshwa kwanza kuepuka bruselosi, ila jina hilo bado si lake.

Tazama Mwanza, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Mwaka 2004 kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, walianza kutengeneza mtindi uliokuja kuitwa Fiti, wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Bakteria wao alijulikana kwa jina kamili: Lactobacillus rhamnosus GR-1. Kusini-magharibi mwa Uganda, ukishavuka mto Kagera, wasindikaji wadogo hutumia chachu ya Yoba, yenye bakteria wa spishi hiyo hiyo lakini wa nasaba nyingine, yaani ukoo mwingine ndani ya spishi. Hapo ndipo penye uzito wa istilahi: ushahidi huifuata nasaba iliyopimwa. Kilichothibitishwa kwa moja hakihamii kwa nyingine, sembuse kwa kila kibuyu cha mtindi.

Sasa tiki, ambazo nazo probiotiki imeanza kutajwa kuwa tiba yake. Kwa mwanafunzi, tiki ni alama ya kupata. Kwa daktari ni harakati au sauti ya ghafla inayojirudia bila mtoto kukusudia: kupepesa macho, kukunja pua, kurusha bega, kuguna, kukohoakohoa bila mafua. Mara nyingi huanza kwenye umri wa miaka 4 hadi 6, hukolea miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua. Kiswahili kina kitenzi kizuri hapa, maana husema "jicho linanicheza". Hata hivyo nomino "mchezo" ingemwangamiza mtoto darasani, kwa kuwa mwalimu angeamini kweli anacheza. Tuseme "tiki za misuli" na "tiki za sauti".

Wazo la kutibu tiki kwa probiotiki lina msingi, kwa sababu utumbo na ubongo huwasiliana, hasa kupitia neva ya vagasi. Lakini msingi si matokeo. Huko Taiwan, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwapa baadhi ya watoto 57 wenye ugonjwa wa Tourette, yaani wenye tiki za misuli na za sauti za muda mrefu, nasaba ya PS128 kwa miezi miwili. Tiki zao hazikupungua kuliko za wenzao waliopewa vidonge visivyo na bakteria. Dalili ndogo ya nafuu ilionekana upande wa umakini tu. Anayeandika leo "tiba ya probiotiki kwa tiki" bila kuongeza "inayochunguzwa" anampotosha mzazi.

Njia iliyothibitika zaidi ni mafunzo ya tabia yanayomsaidia mtoto kuitambua tiki inapokuja na kuijibu kwa harakati nyingine inayoizuia. Dawa hutolewa tiki zinapozidi, na wengi hawahitaji chochote.

Mzazi wa Kaisho, Nkwenda au Kayanga, mtoto wako akianza kupepesa na kuguna, usimchape wala usimkaripie aache. Mpeleke hospitali, iwe Isingiro au Nyakahanga, ichunguzwe kama ni tiki au kifafa. Mtindi mpe, kwa kuwa ni chakula.